Pafu la Kushoto la Mheshimiwa

LaVonne Ketterling hakuwa mtu wa kuhangaika. Waliofanya naye kazi katika hospitali yetu ndogo ya Halvard wanasema hata siku ile basi la timu ya mpira wa kikapu lilipopinduka kwenye barafu, alitembea mwendo wake uleule wa kila siku, kitanda hadi kitanda, akiwauliza watoto majina ya mama zao huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mnene kiasi, nywele fupi zenye mvi, sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi. Mumewe, Arlo, alikuwa fundi wa matrekta. Jumapili kanisani, Jumatano kushona mablanketi ya msaada na wanawake wenzake, Ijumaa mchana supu ya knoephla, ile ya viazi na vidonge vya unga, kwenye mkahawa wa ushirika, na kipande kimoja cha pai cha kugawana na Arlo. Maisha yake yalikuwa hayo, na hakuyalalamikia.

Jambo moja tu lilimtenga na wengi wetu, nalo ni siasa. Dakota Kaskazini ina upande wake na hakuna anayejifanya haujui. LaVonne na dada yake Mavis walizaliwa kwa mzee Wanner, ambaye ukoo wake ulikuwa wa upande wa pili tangu enzi wakulima walipokuwa wakipigana na kampuni za reli, na mabinti zake wakabaki hukohuko. Mavis alikuwa mwenyekiti wa chama chao hapa wilayani. Tulimtania kwamba mikutano yake angeweza kuifanyia ndani ya gari lake na bado mbwa akapata pa kulala. LaVonne hakuwa msemaji. Alipiga kura yake, akanyamaza, akarudi kazini.

Kisha ikaja Novemba ile. Tulilala matokeo yakiwa hayajakamilika, tukaamka tukakuta yamekamilika na hayafai kitu: kura za wajumbe wa majimbo, mia mbili sitini na tisa kwa Gavana Pruett, mia mbili sitini na tisa kwa Seneta Castellan. Hakuna aliyefikisha mia mbili sabini zinazotakiwa. Asubuhi hiyo mkahawani wanaume walikuwa wakirusha dadu kama kawaida, kuamua nani atawalipia wenzake kahawa.

"Basi nao warushe dadu," alisema Verlyn Opp, aliyeendesha lori la ngano hadi magoti yakamgomea. "Yaishe, watu tulime."

"Inakwenda Bungeni," Arlo akasema. "Na si kila mbunge kura yake. Kila jimbo kura moja. Anayefikisha majimbo ishirini na sita, ndiye rais."

"California na watu wao wote wale?"

"Moja."

"Na sie je?"

"Moja."

Verlyn akaweka kikombe chini. "Subiri kwanza. Sisi mbunge wetu si mmoja tu? Yaani Orrin Haugland, peke yake, ni sawa na California nzima?"

"Peke yake."

"Mungu wangu! Yule kuchagua rangi ya ghala kulimchukua miaka miwili!"

Tukacheka sana. Orrin alikuwa mbunge wetu kwa miaka kumi na minne, lakini kwetu alikuwa bado mkulima wa alizeti na ng'ombe, maili nane kutoka mjini, mgane wa miaka sabini na minne anayekuja dukani kununua misumari akiwa amevaa kofia ya masikio. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Jimbo letu lilikuwa limempa Pruett kura, Orrin ni wa chama cha Pruett, basi. Desemba wajumbe wa kila jimbo wakakutana wakapiga kura zao rasmi, na hakuna hata mmoja aliyeasi. Hesabu ikabaki palepale. Ikabaki kungoja Januari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mwaka mpya, Orrin alikuwa akisukuma theluji uani kwake. Akishuka kwenye trekta, buti lake likateleza kwenye kidato chenye barafu, akaanguka kifua mbele juu ya chuma. Mbavu tatu. Ncha ya ubavu mmoja ikachoma pafu la kushoto, hewa ikavuja ikajaa nje ya pafu, na pafu lenyewe likasinyaa. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ya Bismarck ilikuwa imefungwa kwa dhoruba, kwa hiyo Daktari Mathai alimtoboa kifua papa hapa Halvard, akaingiza mrija, hewa ikatoka. Baada ya siku chache mrija ukaondolewa. Pafu likarudi kwenye upana wake, au karibu na upana wake. Hilo "karibu" ndilo lililoleta balaa lote.

Maana mtu ambaye pafu lake halijarudi sawasawa hapandi ndege. Ile hewa iliyobaki kifuani hutanuka akifika juu, ikaweza kubana hata moyo. Na kwa gari, kutoka kwetu hadi Washington ni mwendo wa siku mbili na zaidi barabara zikiwa nzuri, nazo zilikuwa zimefungwa kwa mageti, magreda ya kusukuma theluji yameegeshwa yakisubiri upepo upungue.

Basi Bunge likaanza kupiga kura bila yeye. Tulitazama sote, mkahawani, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na hata wodini, Orrin akiwa kitandani na miwani puani. Majimbo ishirini na tano Pruett. Ishirini na mawili Castellan. Majimbo mawili wabunge wao waligawanyika nusu kwa nusu, kura zao zikafa. Na Dakota Kaskazini: hayupo. Wakarudia. Vilevile. Wakarudia tena. Vilevile. Pruett alikuwa amepungukiwa na jimbo moja, na jimbo hilo lilikuwa limelala kitanda cha pili kutoka dirishani, likilalamika kwamba jeli ya hospitali haina ladha.

Siku hiyohiyo nchi nzima ikajifunza kutamka jina la Halvard. Na LaVonne akaanza kukosa usingizi.

Kesho yake kulipambazuka anga safi, baridi ya kukata masikio. Redio ikasema kutatulia hadi saa sita mchana, kisha dhoruba nyingine itashuka kutoka Kanada na kukaa. Ndege ndogo ya wagonjwa ikaja kumchukua Orrin iwapo pafu lingeruhusu, ikatua kwenye kiwanja chetu, ambacho siku nyingine hutumiwa na wanyunyizia dawa mashambani. Kabla LaVonne hajavaa viatu vya kazi, Mavis alikuwa tayari amekaa jikoni kwake.

"Sikuombi useme uongo," Mavis alisema. "Nakuomba tu usiwe na haraka."

"Kunywa kahawa yako, Mavis."

"Mtu ana miaka sabini na minne, LaVonne. Mbavu tatu. Nani atakulaumu ukisema apumzike? Tukivuka tarehe ishirini, siku ya kuapishwa, bila wao kufikisha ishirini na sita, Pruett haingii. Seneti ndiyo inayomchagua makamu wa rais, atashikilia yeye, na huyo ni wa kwetu. Mdogo wangu, umeona Castellan anavyo—"

"Nimeona. Nilimpigia kura kama wewe."

"Basi."

"Basi nini? Mimi ni muuguzi wake."

Mavis akasukuma kikombe pembeni. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mwingine."

Alipoondoka, Arlo akatokea akiwa na soksi moja. "Dada yako alitaka nini asubuhi yote hii?"

"Kahawa," LaVonne akasema, akachukua funguo.

Wodini alikutana na Kyle Brandvold, msaidizi wa Orrin, kijana mrefu mwenye viatu vya mjini vilivyolowa theluji. Alikuwa akitembea mlangoni kama mbwa aliyefungwa. "Mama Ketterling, rubani hawezi kuzima injini, itaganda. Daktari yuko wapi?"

Daktari Mathai alikuwa mji mwingine, maili sabini, na mama aliyekuwa akijifungua kwa shida. Alikuwa kwenye simu. Walimpiga Orrin eksirei kwa mashine ya magurudumu, wakamtumia picha. Lakini mbavu zilimchoma Orrin kila alipotaka kubana pumzi, akawa anatikisika, na picha ikatoka na ukungu sehemu ya chini.

"Pale chini kushoto sioni," Daktari akasema. Nyuma yake mwanamke alikuwa akipiga kelele. "Inaweza kuwa kivuli cha ubavu. Inaweza kuwa hewa. LaVonne, wewe upo naye. Unasikia nini?"

LaVonne akaweka stetoskopu mgongoni kwa Orrin. "Vuta pumzi, Mzee." Orrin akavuta. LaVonne akasikia, au akadhani amesikia, hewa ikishuka hadi chini kabisa, sauti ndogo kama ya mtu anayefagia chumba cha jirani. Akasogeza kidogo. "Tena." Hakusikia kitu. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukidunda masikioni, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kazini. Akarudisha palepale pa mwanzo. "Tena, Mzee, taratibu." Kulikuwa na kitu, lakini kidogo mno, kinakuja na kukatika.

"LaVonne?" simu ikaita.

"Kulia kuzuri," akasema. "Kushoto chini ni hafifu."

Daktari akaamua. "Basi harushwi. Tutapiga picha nyingine dhoruba ikipita."

Brandvold akawa mwekundu hadi shingoni. "Hafifu! Hafifu maana yake nini? Kila mtu hapa anajua huyu mama ni wa upande gani! Dada yake ndiye—"

"Kyle," Orrin akasema kutoka kitandani, "toka nje ukapoze kichwa. Hali ya hewa inakuruhusu."

Ndege ikaondoka tupu. Kabla ya saa saba upepo ulikuwa umefunika dirisha lote kwa weupe.

Dhoruba ile ilikaa, na sisi tukakaa ndani yake tukiwa na televisheni na hasira zetu. Nitasema kweli, hatukumtendea vizuri. Mtu mmoja kwenye televisheni, mtu asiyewahi kukanyaga Dakota, alitaja kwamba dada wa muuguzi ni mwenyekiti wa chama, na kufikia jioni kila mtu alikuwa na la kusema. Arlo alipokwenda mkahawani kwa miguu, akishikilia kamba ya uzio ili asipotee, Verlyn alikusanya dadu zake akahamia meza nyingine.

"Nimekukosea nini, Verlyn?"

"Wewe hujanikosea. Ila nyumbani kwako kuna mtu aliyelinyima jimbo zima kura yake, na mimi nilipanga foleni kwenye baridi kuipiga."

"Mkeo alipopata kiharusi, ni nani aliyekesha naye?"

Verlyn akaangalia dadu zake. Lakini hakurudi mezani.

Simu ya LaVonne ikawa haikatiki. Watu wa Texas, watu wa Ohio, sauti za watu wazima wakimtukana matusi ambayo hapa kwetu humwambii hata ng'ombe. Hayo aliyavumilia, alikata na kuendelea. Kilichomtesa ni mwanamke mmoja wa Oregon, mzee kwa sauti, aliyepiga akilia.

"Mwanangu, nimekuombea. Umeiokoa nchi hii. Nilijua tu kuna mtu mmoja jasiri atakayefanya kitu."

"Sijafanya kitu, mama. Mtu ana hewa nje ya pafu."

"Najua, najua," yule mwanamke akasema kwa sauti ya kula njama. "Endelea kusema hivyohivyo."

LaVonne akakata simu. Kisha akafungua friza kubwa ya gereji, akatoa nyama yote, mahindi yote, mikate yote, akaanza kukwangua barafu. Alipomaliza akashusha mapazia akayafua, nje kukiwa na dhoruba na hakuna pa kuyaanika. Alikaa mezani, akainuka. Akajilaza kwenye kochi, akainuka. Arlo akiwa anakula viazi vyake, LaVonne akamwekea stetoskopu mgongoni, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Nina nini?" Arlo akauliza, kijiko hewani.

"Huna kitu. Kula."

"LaVonne."

"Nimesema kula, Arlo."

Kwa kuwa barabara za mjini hazikupitika, alikwenda zamu nyuma ya greda dogo la halmashauri, na mara nyingine alilala hukohuko. Orrin alikuwa mgonjwa asiye na shida, ila naye alikuwa na lake. Alizima sauti ya televisheni akaacha picha tu, wabunge wakipanga mstari, wakiweka karatasi, wakirudi kukaa, matokeo yaleyale. Mchana mmoja, upepo ukiwa unapiga mluzi kwenye fremu ya dirisha, akamwita.

"Binti Wanner, hebu kaa."

"Siwezi kukaa."

"Nimeona. Shuka hilo umelinyoosha mpaka linaniogopa." Akavua miwani. "Nikuulize jambo, nawe unaweza usinijibu. Juzi ulisikiliza mara tatu. Zote ulisikia hafifu?"

LaVonne akashika chuma cha kitanda. Angeweza kusema ndiyo. Marehemu mke wa Orrin alimfundisha kanisani akiwa mtoto, na labda hilo ndilo lililomzuia, au labda ni uchovu tu.

"Mara ya kwanza nilidhani nimesikia hewa ikishuka."

"Ulimwambia Daktari?"

"Hapana. Nilimwambia nilichosikia mwisho."

Orrin akatikisa kichwa polepole. Hakuonekana kukasirika. "Na mimi nikwambie langu. Uliposema sipandi, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa kwa theluji. Miaka yote hii nimepiga kura pale, sijawahi kupiga iliyokuwa ya maana peke yake. Kila mara ilikuwa moja ndani ya kapu. Sasa naambiwa nchi nzima inaningoja mimi. Nalala hapa natetemeka, nawaambia ni baridi."

"Wewe unampenda Pruett, Mzee?"

"Hata kidogo. Ana majivuno. Lakini watu wa hapa ndiye waliyemtaka, na kura hiyo si yangu. Nikifika kule nitampa yeye. Nataka ulijue hilo kabla hujanisikiliza tena." Akamtazama usoni. "Bado utanisikiliza vizuri?"

"Nitajitahidi."

"Hilo linatosha. Sasa nipe ile jeli mbaya."

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye simu ya wodi, akampigia Daktari Mathai, akamwambia yote: ile mara ya kwanza, sauti ya kufagia, moyo wake uliokuwa ukidunda. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"LaVonne, ungeniambia siku ileile, ningesema vilevile. Pakiwa na shaka, mtu hapandi."

"Najua."

"Basi mbona unalia?"

"Sijui, Daktari. Nilitaka tu ujue."

Maneno ya Daktari yalikuwa mazuri, lakini hayakumtuliza, kwa sababu hakuwa akiuliza kama jibu lilikuwa sahihi. Alichotaka kujua ni kama lile sikio lilikuwa lake au la Mavis. Na hilo Daktari hakuwa na mashine ya kulipima.

Dhoruba ikapita. Siku ya nne kulikucha jua kali juu ya theluji, kiasi cha kuumiza macho, na ndege ikarudi. Brandvold naye akarudi, safari hii na mabuti ya kuazima, akasimama kimya ukutani. Daktari alikuwa bado njiani, nyuma ya magreda, hana hakika ya saa ya kufika. LaVonne alipoingia kazini simu yake ikaita; alikuwa Mavis, na sauti yake ilikuwa ya juu.

"Sikiliza. Kati ya yale majimbo mawili yaliyogawanyika, moja linaelekea kukubali. Mbunge wao mmoja ameanza kulainika. Wakija kwetu hao, upande wa Pruett nao wataanza kuyumba. Tunahitaji kesho tu! Mwache Daktari afike kwanza, amsikilize mwenyewe. Hiyo ni haki kabisa, hakuna atakayesema neno."

Na kweli, hakuna ambaye angesema neno. Hilo ndilo lililokuwa gumu. LaVonne akakata simu.

Picha ikapigwa. Mbavu zilikuwa zimetulia, na Orrin akabana pumzi bila kutikisika. Picha ikatoka safi, nyeusi mahali pa weusi na nyeupe mahali pa weupe. Kisha LaVonne akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote wodini. Alimwita Darla, muuguzi wa zamu ya pili, mama wa watoto watatu asiyejali siasa hata chembe, akamkabidhi stetoskopu yake. "Sikiliza kushoto chini. Usiniambie. Mwambie Daktari."

Darla akasikiliza, akaichukua simu. "Hewa inashuka vizuri hadi chini, Daktari." Ndipo LaVonne naye akasikiliza. Ilikuwa ikishuka, wazi, pana, bila kukatika, na akajikuta akitamani isingekuwa hivyo, na kutamani huko akakusikia waziwazi kama alivyoisikia hewa.

"LaVonne?" Daktari akauliza.

"Inashuka," akasema. "Anaweza kwenda."

"Basi aende, na wewe uende naye."

Mavis alikuwa kwenye maegesho ya magari walipomtoa Orrin kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mablanketi hadi kidevuni. Alikuja akikimbia juu ya theluji, koti halijafungwa.

"LaVonne! Siku moja! Nilikuomba siku moja!"

"Hewa inashuka, Mavis."

"Ulikuwa umeshamzuia! Ukamzuia, wakakutukana nchi nzima, halafu unawapa bure? Ulimzuia kwa nini basi?"

"Kwa sababu ya pafu."

"Nani atakuamini?"

"Wewe ungeniamini," LaVonne akasema. Mavis akageuka akarudi garini kwake bila kuaga.

Ndani ya ndege LaVonne alikaa magoti yake yakigusa machela. Kila baada ya muda aliweka stetoskopu kwenye kifua cha Orrin, lakini ngurumo ya injini ilimeza kila kitu, akawa anamtazama tu rangi ya midomo na vidole. Orrin alishikilia mkono wake safari nzima. Walipoanza kushuka, Orrin akasema kwa sauti kubwa ili asikike, "Nikifa hapa, mwambie Verlyn rangi ya ghala ilikuwa nzuri," na LaVonne akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Washington hawakuwa na theluji, mvua tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesukuma kile kiti kwenye korido ndefu za mawe, waandishi wa habari wakipiga kelele nyuma ya kamba, mikono yake ikiuma kwa kukibana. Kwenye mlango mkubwa wakamwambia yeye haruhusiwi kupita. Brandvold akakishika kiti. Orrin akageuza shingo. "Nisubiri hapa hapa, binti."

Akasubiri. Hakukaa, ingawa askari mmoja alimletea kiti. Alitembea kutoka nguzo moja hadi nyingine na kurudi. Ndani walimwapisha Orrin kwanza, maana kiapo cha Bunge jipya kilimpita akiwa kitandani, kisha majimbo yakaanza kuitwa upya. Yeye hakuona kitu. Alichosikia ni kimya kirefu, halafu mlio mmoja mkubwa uliopenya ule mlango mzito, nusu ya watu wakishangilia, nusu wakizomea, na asingeweza kutofautisha. Alijua tu kwamba mtu aliyempigia kura Novemba ameshindwa, na kwamba yeye ndiye aliyekisukuma kiti hadi hapo.

Orrin alipotolewa alikuwa mweupe kama karatasi. "Vipi?" LaVonne akauliza, na hakuwa akiuliza habari za Pruett.

"Inauma kidogo nikicheka. Lakini hakuna cha kucheka." LaVonne akamsikiliza kifua papo hapo koridoni, kamera zikimulika. Hewa ilikuwa ikishuka.

Aliporudi Halvard tulimpokea kana kwamba hakuna lililotokea, jambo ambalo hapa kwetu ndiyo namna ya kuomba radhi. Verlyn alimlipia supu mkahawani kabla hajafika kaunta. LaVonne alizichukua hela hizo kwa msichana wa kaunta, akazibeba hadi meza ya Verlyn, akaziweka mbele yake, kisha akarudi kulipa supu yake mwenyewe. "Nina njaa, sina deni," alimwambia, bila ukali. Yule mwanamke wa Oregon hakupiga tena. Wengine walipiga, wa upande wake safari hii, na matusi yao hayakuwa tofauti sana na ya wale wa kwanza.

Pruett akaapishwa. Baadhi ya mambo aliyoyaogopa Mavis yalitokea, mengine hayakutokea. Orrin hakugombea tena. Aliuza ng'ombe akabaki na alizeti.

Mavis hakuzungumza na mdogo wake miezi mitatu. Kanisani alikaa upande wa pili. Mwezi wa Aprili, theluji ikiyeyuka na barabara zote zikiwa tope, alipata kikohozi kikashuka kifuani, akavumilia hadi akashindwa kupanda ngazi zake, ndipo akaletwa hospitali na jirani. LaVonne alikuwa zamu. Alimpandisha kitandani, akamvua koti, akampima joto, halafu akaenda mlangoni kumwita Darla.

"Unakwenda wapi?" Mavis akauliza, akihema. "Wewe mwenyewe huwezi kunisikiliza?"

"Nimekukasirikia bado," LaVonne akasema. "Asikilize Darla kwanza."

Mavis akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi, na LaVonne akalazimika kurudi kumshika mgongo. Darla alipofika aliwakuta hivyo. Ilikuwa nimonia, ya kulia. Mavis alilazwa hadi Jumatatu, na siku zote hizo walibishana kuhusu Pruett, kuhusu baba yao, kuhusu kama mtu anaweza kukumbuka kweli alichokisikia asubuhi moja ya Januari. LaVonne alisema hawezi. Mavis akasema yeye anamjua dada yake, kwa hiyo anaweza kumkumbukia. Hawakukubaliana, na ilipofika Jumatatu LaVonne akampeleka nyumbani kwa pikapu ya Arlo, kupitia njia ndefu, kwa sababu ile fupi ilikuwa imejaa maji.